Kati ya Kuua na Kuua kwa Kukusudia

Tarehe 23 Juni 2016, watu watatu walitoka katika Mahakama ya Mavoko, Kaunti ya Machakos, wakaingia ndani ya teksi kurudi Nairobi. Mmoja alikuwa Willie Kimani, wakili wa shirika la International Justice Mission. Wa pili alikuwa mteja wake, Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda. Wa tatu, Joseph Muiruri, alikuwa dereva wa teksi; hakuwa na kesi na mtu, alikuwa kazini. Hawakufika. Wiki moja baadaye miili yao iliopolewa kutoka mtoni huko Ol Donyo Sabuk, mikono imefungwa, imetiwa ndani ya magunia.

Kilichowapeleka mahakamani siku hiyo kilianza Aprili 2015, pale Mwenda alipopigwa risasi mkononi na afisa wa Polisi wa Utawala, Fredrick Leliman, aliyekuwa amemsimamisha barabarani. Aliyepigwa risasi ndiye aliyefunguliwa mashtaka, ya dawa za kulevya na ya makosa ya trafiki. Mwenda hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake kwa IPOA, mamlaka inayosimamia utendakazi wa polisi, na Kimani akasimama naye kortini.

Kesi ya vifo hivyo ilichukua miaka sita. Julai 2022, Jaji Jessie Lessit, akiketi katika Mahakama Kuu jijini Nairobi, aliwapata na hatia ya mauaji maafisa watatu, Leliman, Stephen Cheburet na Sylvia Wanjiku, pamoja na raia mmoja, Peter Ngugi, aliyekuwa mpasha habari wa polisi. Mshtakiwa wa tano, Leonard Mwangi, ambaye pia alikuwa afisa wa polisi, aliachiliwa. Februari 2023 Leliman alihukumiwa kifo, Cheburet miaka 30, Wanjiku 24 na Ngugi 20.

Wakazi wa Mlolongo, mji ulio katika eneo hilo hilo la Mavoko, wanaifahamu hadithi hiyo kwa machungu yake. Wachache wameiangalia kama funzo la sheria, na ni funzo pana kuliko kesi nyingi, kwa sababu kila kipande ambacho mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha kilibishaniwa humo: kwamba watu walikufa, kwamba kifo kilitokana na tendo lililo kinyume cha sheria, kwamba waliotenda ni hawa walio kizimbani, na kwamba walikuwa wamekusudia. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachoamua kama mtu ataitwa muuaji au atatoka kortini na jina jepesi zaidi.

Sheria yenyewe ni fupi ajabu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilianza kutumika mwaka 1930, ikiwa na asili ya mbali katika sheria ya jimbo la Queensland, Australia, iliyopitia Nigeria kabla ya kuletwa Afrika Mashariki. Kifungu cha 202 kinasema anayesababisha kifo cha mtu mwingine kwa tendo lisilo halali, au kwa kutotenda alichowajibika kutenda, ana hatia ya kuua bila kukusudia. Kifungu cha 203 kinarudia karibu maneno yale yale, kisha kinaongeza jambo moja: kusudi ovu lililotangulia tendo. Likiwepo, kosa ni mauaji. Lisipokuwepo, au likiwepo shaka juu yake, kosa linashuka. Adhabu ya kuua bila kukusudia, kwa mujibu wa kifungu cha 205, inaweza kufika kifungo cha maisha. Ya mauaji, kwa maneno ya kifungu cha 204, ni kifo.

Kwa hiyo kila mauaji yana ndani yake kosa la kuua bila kukusudia. Jaji asiporidhika kuhusu kusudi hamwachilii mshtakiwa aende zake. Anaweza kumtia hatiani kwa kosa dogo hata kama halikuandikwa katika hati ya mashtaka. Na ipo tofauti ya mahali pa kusikizwa. Kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu peke yake, ilhali hakimu anaweza kusikiza ya kuua bila kukusudia. Ndiyo maana mshukiwa wa mauaji anayekamatwa Mlolongo huonekana mbele ya hakimu mara ya kwanza kwa ombi la kumzuilia tu, halafu hupimwa akili, na hatimaye husomewa mashtaka mbele ya jaji.

Kifo kwanza. Ni kitu kinachodhaniwa kuwa rahisi kuthibitisha mpaka pale mwili usipoonekana. Desemba 2024 wanaume wanne walitekwa katika eneo la Mlolongo, na familia zao zikaenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwafikisha kortini wakiwa hai au wamekufa. Jaji aliwaita Inspekta Jenerali wa polisi na mkuu wa Idara ya Upelelezi wa Jinai waje kujieleza. Mwishoni mwa Januari 2025 miili ya wawili kati yao ikatambuliwa katika mochari ya Nairobi. Kabla ya siku hiyo sheria iliweza tu kuzungumzia utekaji. Baada ya siku hiyo ilianza kuzungumzia mauaji.

Mahakama zinaweza kumtia mtu hatiani hata bila maiti, mradi ushahidi wa mazingira uwe mzito kiasi cha kutoacha maelezo mengine. Mwili, hata hivyo, ndio unaomwambia mwanapatholojia kama aliyekufa alikabwa shingo, alipigwa na kitu butu au alizama, na kila jibu kati ya hayo huelekea kwa mtu tofauti. Hapo ndipo kesi nyingi nchini huanza kuyumba: daktari hakuitwa mapema, eneo la tukio lilikanyagwa, maiti ilioshwa.

Pia aliyekufa lazima awe “mtu”. Kifungu cha 214 kinasema mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapotoka kikamilifu mwilini mwa mama yake akiwa hai. Katiba ya 2010, katika ibara ya 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Wanasheria wamezoea kuishi na pengo hilo, kwa kuwa kuua mtoto ambaye hajazaliwa kuna kifungu chake peke yake, cha 228.

Kisha kuna chanzo cha kifo. Kifungu cha 213 kinajibu visingizio karibu vyote ambavyo mshtakiwa hutoa. Mtu akichomwa kisu nje ya baa, akakimbizwa hospitalini na kufa wakati wa upasuaji, aliyemchoma hawezi kumtupia daktari lawama ikiwa daktari alimtibu kwa nia njema na kwa ujuzi wa kawaida. Hawezi kujitetea kwamba majeruhi angepona kama angekubali kutibiwa mapema. Hawezi kusema marehemu alikuwa mgonjwa tayari, kwani kuharakisha kifo ni kusababisha kifo. Na anayemtishia mwenzake kwa panga mpaka akaruka kutoka ghorofani amemuua kama vile angemsukuma.

Mlango mmoja sheria imeuacha wazi, nao ni wa ajabu. Kifungu cha 215 kinataka kifo kitokee ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu tendo lililokisababisha. Aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo akalala kitandani miezi kumi na minne kabla ya kufa, sheria inamhesabu kama ambaye hakuuawa. Kanuni hiyo ilitungwa enzi ambazo daktari hakuweza kufuatilia chanzo cha kifo kwa muda mrefu. Waingereza, walioileta, waliifuta kwao mwaka 1996. Haina sababu ya kubaki katika nchi yenye vyumba vya wagonjwa mahututi.

Kusudi ndilo gumu, na ndilo linalostahili nafasi kubwa.

Hakuna shahidi aliyewahi kuona nia ya mtu. Kifungu cha 206 kinataja sura nne za kusudi ovu. Ya kwanza ni kutaka kuua au kumjeruhi mtu vibaya, hata kama aliyekufa siye aliyelengwa. Ya pili ni kujua kwamba tendo huenda likaua au kujeruhi vibaya, hata kama mtendaji hakujali litatokea nini, hata kama alitamani lisitokee. Ya tatu ni kuwa na nia ya kutenda kosa lolote kubwa la jinai. Ya nne ni kutaka kumsaidia mhalifu kukimbia mikono ya sheria.

Msomaji makini ataona mara moja kwamba neno “kuua” halitawali orodha hiyo. Aliyepanga kumvunja mtu miguu “kumfunza adabu”, mtu yule akafa kwa kuvuja damu, ameua kwa maana kamili ya sheria. Pia kupanga kwa siku nyingi si sharti. Kusudi linaweza kuzaliwa kwa sekunde chache kati ya tusi na pigo. Sura ya tatu, nayo, ni pana mno: ikisomwa kwa herufi, anayesababisha kifo akiwa katika wizi usio na silaha anaweza kuingia humo, na hapo sheria inaacha kupima moyo wa mtu na kuanza kuadhibu bahati mbaya.

Majaji husoma nia kutokana na matendo. Kipimo wanachokinukuu hadi leo ni cha Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Tubere ya mwaka 1945 kutoka Uganda: silaha gani ilitumika, ilitumikaje, ilielekezwa sehemu gani ya mwili, na mshtakiwa alifanya nini kabla na baada ya tendo. Fimbo iliyopigwa mara moja mguuni husema jambo moja. Panga lililoshuka shingoni mara tatu husema jingine. Katika kesi ya Ruth Kamande, ambaye Jaji Lessit huyo huyo alimhukumu kifo Julai 2018 kwa kumuua mpenzi wake mtaani Buruburu, daktari alihesabu majeraha 25 ya kisu. Utetezi ulisema alikuwa akijihami. Idadi hiyo ilikuwa nzito kuliko maelezo.

Kesi nyingine inayotajwa sana katika mahakama za Kenya ni ya Uingereza. Bi Hyam, aliyekuwa na wivu, alimimina petroli kupitia tundu la barua la mlango wa mwanamke mwenzake usiku, akaiwasha na kuondoka. Mabinti wawili waliolala ndani walikufa. Alidai alitaka kumtisha tu mama yao. Mwaka 1974 majaji wa juu wa Uingereza walishikilia kwamba aliyejua hatari kubwa kiasi hicho na bado akatenda hawezi kukimbilia neno “kutisha”. Baadaye Waingereza waliikaza kanuni hiyo, wakataka uhakika zaidi wa nia. Kenya haijalazimika kuwafuata, maana kifungu cha 206 kiliutaja ujuzi wa hatari tangu mwanzo.

Turudi kwenye kesi ya mauaji ya Kimani na wenzake. Utetezi ungeweza kukubali kwamba kulikuwa na ugomvi kati ya Leliman na Mwenda na bado kukana kusudi. Kilichoharibu mambo ni mlolongo wa matukio madogo. Kimani na wenzake walizuiliwa katika seli ya kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, ambako hapakuwa na kosa lolote lililoandikwa dhidi yao. Akiwa humo, wakili huyo aliandika kwenye kipande cha karatasi ya chooni akiomba mkewe apigiwe simu, akakirusha nje, na ujumbe ukafika. Kipande hicho chepesi kiliweka jambo zito mbele ya jaji: walikuwa hai, walikuwa mikononi mwa polisi, na walijua wako hatarini.

Baada ya hapo ziliongea simu. Rekodi za minara ya mawasiliano zilionyesha nani alikuwa wapi na nani alimpigia nani. Peter Ngugi naye aliungama kwa wapelelezi, akayakana maungamo hayo kesi ilipoanza, na jaji, baada ya kusikiza pande zote kuhusu jambo hilo pekee, akayakubali. Sheria ya Ushahidi ina masharti makali hapa. Maungamo ya nje ya mahakama hayafai kitu mpaka yachukuliwe na afisa asiyekuwa mpelelezi wa kesi, mbele ya mtu ambaye mshukiwa mwenyewe amemchagua. Masharti hayo yalizaliwa na historia ndefu ya watu kukiri chini ya kipigo.

Halafu magunia. Mtu aliyeua kwa bahati mbaya huita ambulensi, hukimbia, hulia, hujisalimisha. Mara nyingine hufanya upumbavu. Ni nadra sana afunge mikono ya watu watatu na kuibeba miili yao umbali mrefu usiku hadi mtoni. Mwenendo wa baada ya kifo, katika kipimo cha Tubere, ulitosha kurudisha macho ya mahakama nyuma, kwenye mpango uliotangulia.

Je, wote wanne walikuwa na mikono yao kwenye shingo za marehemu? Sheria haikuwa na haja ya kujua. Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu kinasema watu wakiungana kutekeleza jambo haramu, na kosa likatendeka ambalo lilitarajiwa kutokana na jambo hilo, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelitenda. Kuna aliyefuatilia, kuna aliyezuilia, kuna aliyeua. Mahakama iliwaona kama kundi lenye nia moja. Tofauti ya michango yao ilionekana katika adhabu, kuanzia kifo hadi miaka 20. Na kuachiliwa kwa mshtakiwa wa tano kunaonyesha upande wa pili wa kanuni hiyo: kuvaa sare moja na wenye hatia na kufanya kazi nao hakutoshi.

Kifungu hicho hicho ndicho wanapaswa kukisoma wale wanaokimbia wakisikia “mwizi!” katika kituo cha bodaboda. Umati hudhani kwamba wingi wake ni kinga. Tangu 1943, katika kesi ya Tabulayenka, majaji wa Afrika Mashariki wamesema nia ya pamoja inaweza kuonekana kutokana na kuwepo kwa mtu mahali pale, matendo yake, na kushindwa kwake kujitenga na kipigo. Aliyeleta tairi, aliyenunua petroli na aliyerusha jiwe moja tu wako kundi moja na aliyewasha kiberiti. Kinachowaokoa wengi wao ni ukosefu wa mashahidi. Sheria haijawahi kuwaokoa.

Njia za kushuka kutoka mauaji hadi kosa dogo zipo kadhaa, na hapo ndipo ilipo hatima ya kesi nyingi. Iliyo maarufu ni uchokozi. Vifungu vya 207 na 208 vinamfikiria mtu aliyetendewa au kutukanwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida wa jamii yake angepoteza uwezo wa kujizuia, akaua papo hapo kabla damu haijapoa. Huyo huenda alitaka kabisa kuua, na bado kosa lake huitwa la kuua bila kukusudia. Lakini aliyekwenda nyumbani, akanywa chai, akanoa panga na kurudi jioni amepoteza utetezi huo njiani.

Uchawi umewasumbua majaji tangu zamani. Katika kesi ya Galikuwa ya 1951, mahakama hiyo ya Afrika Mashariki ilikataa kwamba kuamini tu kuwa mtu ni mchawi kunatosha kuwa uchokozi. Lazima kuwe na tendo, na hasira ya papo hapo. Kwa wazee wanaovamiwa usiku Kisii na Kilifi kwa madai ya uchawi, kanuni hiyo ni kinga muhimu, ingawa huja baada ya mtu kufa.

Kujihami ni mlango mwingine. Aliyeua kwa nguvu zilizolingana na hatari aliyokuwa nayo hana hatia yoyote. Aliyezidisha nguvu, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema katika kesi ya Mungai, anaweza kushushwa hadi kosa la kuua bila kukusudia. Ulevi nao hutazamwa chini ya kifungu cha 13, lakini kwa masharti: jaji anaweza kuuliza kama pombe ilimfanya mtu ashindwe hata kuwa na nia, na jibu kwa kawaida ni hapana. Mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12 akiwa hajapona athari za kujifungua ana kifungu chake, cha 210, na huadhibiwa kana kwamba aliua bila kukusudia. Ni moja ya sehemu chache za Kanuni hii zenye huruma ya waziwazi.

Wakenya walijifunza tofauti hii kwa uchungu katika kesi ya Thomas Cholmondeley, wa ukoo wa Lord Delamere. Mei 2006, katika shamba la Soysambu karibu na Ziwa Elmenteita, alimpiga risasi Robert Njoya, akasema alilenga mbwa. Alishtakiwa kwa mauaji na kukaa rumande miaka mitatu. Mwaka 2009 Jaji Muga Apondi aliona kusudi ovu halikuthibitishwa, akamtia hatiani kwa kosa dogo na kumpa kifungo cha miezi minane. Nje ya mahakama watu walipiga kelele, wengi wakikumbuka kwamba mwaka mmoja kabla ya tukio hilo mtu huyo huyo alimuua kwa risasi Samson ole Sisina, afisa wa wanyamapori, na mashtaka yakaondolewa. Kisheria, uamuzi juu ya kusudi ungeweza kutetewa. Adhabu ndiyo iliyokuwa ngumu kueleweka: kosa ambalo dari yake ni maisha liligharimu miezi minane.

Tanzania nako kuna mfano ambao kila mpenzi wa filamu anaufahamu. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, Elizabeth Michael, maarufu Lulu, alishtakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia. Shtaka likapunguzwa. Novemba 2017 Mahakama Kuu ya Dar es Salaam ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapewa miaka miwili. Ugomvi wa chumbani, msukumo, kuanguka: hakuna silaha, hakuna pigo la kurudiwa, hakuna mpango. Kipimo cha Tubere kingetoa jibu lile lile.

Mfano mgumu kuliko yote ni Shakahola, Kilifi, ambako kuanzia Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Mhubiri Paul Mackenzie na wafuasi wake walishtakiwa Januari 2024 kwa makosa 238 ya kuua bila kukusudia, mbele ya hakimu. Mwezi uliofuata, katika Mahakama Kuu ya Malindi, Mackenzie na baadhi yao wakashtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Walikana yote. Msitu mmoja, mafundisho yale yale ya kufunga hadi kufa, makosa mawili tofauti. Mantiki inayoweza kuonekana ni kwamba mtu mzima anaweza kudaiwa kuwa alichagua kufunga, jambo linalotia ukungu kwenye kusudi la aliyemshawishi. Mtoto wa miaka minne hakuchagua chochote, na anayemnyima chakula akijua matokeo yake amefika kwenye sura ya pili ya kifungu cha 206. Hukumu ndiyo itakayosema kama hoja hiyo inasimama.

Barabarani sheria ina ngazi nyingine tena. Mlolongo iko kwenye Barabara ya Mombasa, penye kituo cha mizani na malori mchana na usiku, na ndipo inapoanzia barabara ya malipo ya kilomita 27 hadi Westlands. Dereva anayeua kwa uzembe huko kwa kawaida hashtakiwi kwa mauaji wala kwa kosa la kifungu cha 202. Hushtakiwa chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, ambacho dari yake ni miaka 10 gerezani. Kifungu hicho kinamgusa hata aliyeacha lori bovu barabarani kwa namna ya hatari. Wenye malori yanayolala gizani bila taa wala matawi ya kutahadharisha wangefaa kukijua.

Kuhusu adhabu, maneno ya kifungu cha 204 yanasema muuaji atahukumiwa kifo, bila kumpa jaji nafasi. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema ulazima huo unakiuka Katiba, kwani unamfunga jaji mdomo kabla hajamsikiza mtu. Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo unahusu mauaji tu. Uganda ilikuwa imefika hapo mwaka 2009 kupitia kesi ya Susan Kigula. Tanzania bado ina adhabu ya lazima, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu yenye makao Arusha iliikosoa mwaka 2019.

Kwa hiyo Jaji Lessit hakulazimishwa kumhukumu Leliman kifo. Alichagua, na kuwachagulia wengine miaka. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Marais wamekuwa wakibadilisha hukumu hizo kuwa vifungo vya maisha, zaidi ya 4,000 kwa mkupuo mmoja mwaka 2009. Hukumu ya kifo imebaki kuwa namna ya mahakama kutaja uzito wa kosa.

Tatizo la Kenya, basi, haliko sana katika tafsiri ya mauaji. Kanuni ya 1930 ina kasoro zake, kuanzia mwaka-na-siku hadi upana wa sura ya tatu ya kusudi, na Bunge linaweza kuzirekebisha kwa aya chache. Ugumu uko katika ushahidi wa siku za kwanza, hasa pale aliyekufa alipokuwa mikononi mwa polisi, kwa sababu anayeufikia mwili kwanza, anayeandika ripoti na anayeusafirisha hadi mochari ni polisi yule yule. Familia ya Kimani ilikuwa na shirika la mawakili, vyombo vya habari na kipande cha karatasi. Wengi hawana hata kimoja.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Uchunguzi wa Vifo, yenye kuunda ofisi huru ya kuchunguza vifo vya kutatanisha, vikiwemo vya seli na rumande. Ilitiwa saini, ikachapishwa, kisha miaka ikapita bila ofisi hiyo kuundwa. Anayetaka kesi za mauaji Mlolongo na kwingineko zisimame imara kortini aanze kwa kumuuliza mbunge wake pesa za ofisi hiyo ziko wapi.